Tetesi za Chawa Shuleni: Mzazi Atazame Kwanza, Atibu Baadaye

Ujumbe wa namna hii huingia jioni, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa: ameonekana mwanafunzi mwenye chawa, kila mzazi amkague mtoto wake. Kabla ya chakula cha usiku, mzazi mmoja amekwisha kushauri mafuta ya taa, mwingine anauliza huyo ni mtoto wa nani, na wa tatu yuko njiani kwenda duka la dawa kununua chochote atakachopewa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mzazi anayeusoma ujumbe huo huku mtoto wake amekaa pembeni akijikuna, naye hajui aanzie wapi. Jambo la kwanza ninalomwomba alishike ni hili: dawa isiguse kichwa cha mtoto mpaka chawa aliye hai awe ameonekana kwa macho.

Msimamo huo una sababu zake. Vichwa vya watoto wetu huwasha kwa mambo mengi, yakiwamo mba, mapunye, jasho lililonasa chini ya rasta, mafuta ya nywele yasiyopatana na ngozi, na hata mistari iliyosukwa kwa kukazwa mno. Mzazi anayeanza na dawa humpaka mtoto kemikali asiyoihitaji, na chanzo halisi cha muwasho huendelea kukaa palepale kwa majuma mengine. Aidha, hofu inayoandamana na neno chawa ni kubwa kuliko madhara yenyewe, kwa kuwa chawa wa kichwa hawaambukizi ugonjwa. Taifasi, ambayo si homa ya matumbo, pamoja na magonjwa mengine mazito yanayotajwa pamoja na chawa, huenezwa na chawa wa mwilini, ambao huishi kwenye mishono ya nguo zisizofuliwa na si kwenye nywele. Mtoto mwenye chawa wa kichwa anahitaji kutibiwa, lakini si dharura ya kumwamsha usiku wala ya kumnyima shule.

Kumfahamu mdudu mwenyewe

Chawa aliyekomaa ana urefu wa milimita 2 hadi 3, kiasi cha punje ya ufuta, na rangi yake ni ya kijivu au hudhurungi. Ana miguu 6 yenye kucha zilizojikunja, ambazo kwazo huukumbatia unywele mmoja mmoja na kutambaa upesi akikwepa mwanga. Hana mabawa na hawezi kuruka kama kiroboto, kwa hiyo njia yake kuu ya kuhama ni kichwa kugusana na kichwa kingine: watoto wanapolala kitanda kimoja, wanapoinamia daftari moja kwenye dawati, au wanapojibana ili wote waonekane kwenye picha ya simu. Kitana, kofia na ushungi vinaweza kumbeba mara chache, lakini akishatoka kichwani hukosa damu na joto, naye hufa ndani ya siku 1 hadi 2.

Jike hutaga mayai yapatayo 8 kwa siku, na kila yai huligandisha kwenye unywele karibu kabisa na ngozi, kwa gundi ambayo maji na sabuni haviiyeyushi. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na kinda hukomaa na kuanza kutaga baada ya siku nyingine 9 hadi 12. Ninaomba mzazi azikumbuke tarakimu hizi, maana ratiba yote ya matibabu imejengwa juu yake, na wanaoshindwa kuwamaliza chawa mara nyingi wameshindwa kwa sababu walipaka dawa mara moja tu, wakawaua wazazi na kuyaacha mayai.

Kuna jambo jingine ambalo halifahamiki sana, nalo linabadilisha namna ya kuzitazama tetesi hizi. Muwasho hausababishwi na mdudu kutembea, bali na ngozi kuyakataa mate yake, na kwa mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza muwasho huo unaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza. Mtoto asiyejikuna, basi, anaweza kuwa na chawa, na mtoto aliyeanza kujikuna leo huenda aliwapata mwezi uliopita, mahali ambapo hakuna anayepakumbuka: kwa binamu zake wakati wa likizo, madrasani, kwenye mafundisho ya kipaimara au msibani. Swali la nani ameleta chawa darasani halina jibu linaloaminika, na mzazi anayelifuatilia huishia kumuumiza mtoto wa mwenzake bure.

Namna ya kukagua

Kagua wakati wa mwanga wa jua, barazani au karibu na dirisha, kwa sababu taa ya chumbani hukufanya uone kila kitu kuwa chawa au usione chochote. Mkalishe mtoto kwenye kigoda au mkeka, akupe mgongo, na umtandikie kitambaa cheupe mabegani ili kitakachoanguka kionekane. Kwa mtoto aliyenyolewa, kama ilivyo kwa wanafunzi wa shule nyingi za serikali nchini Tanzania, kazi ni ya dakika chache: pitisha vidole kinyume na uelekeo wa nywele na kuitazama ngozi. Nywele zikiwa fupi hivyo chawa hana pa kujificha, na ukiona kichwa cha namna hiyo kinawasha, fikiria mapunye au mba kabla ya chawa.

Nywele zilizosukwa ndizo zinazomtia mzazi kwenye fikra. Binti ameketi kwa msusi Jumamosi nzima, twende kilioni zimelala vizuri, fedha imekwisha kulipwa, na Jumatatu ujumbe unaingia. Sishauri kufumua kila kichwa kwa sababu ya tetesi pekee. Mistari ya kusuka huiacha ngozi wazi katikati, kwa hiyo tumia mwanga wa jua kuitazama kila njia, kisha chunguza kwa makini nyuma ya masikio na kisogoni, mahali ambapo chawa hupendelea kwa kuwa pana joto. Usipoona kitu, na mtoto hajikuni, rudia ukaguzi huo baada ya wiki moja. Hata hivyo ukaguzi wa nywele zilizosukwa si kamili, maana mdudu anaweza kujibana kwenye shina la msuko; kwa hiyo ukiona hata yai moja karibu na ngozi, au ukijua kwamba aliyekutwa na chawa ni rafiki anayelala na mwanao bweni moja au anayeketi naye dawati moja, zifumue bila kusita. Rasta nazo zifumuliwe, kwa sababu wingi wa nywele za bandia hauruhusu ngozi kuonekana.

Baada ya kufumua, osha nywele, kisha zipake kondishena ya kawaida kwa wingi mpaka ziwe na utelezi. Kondishena hufanya kazi mbili: humfanya chawa asiweze kutambaa upesi, na huruhusu kitana kupita bila kumliza mtoto. Gawa nywele mafungu manne au zaidi, kila fungu ulibane, na ufungue moja baada ya jingine. Kwa nywele za kipilipili, ondoa kwanza mafundo kwa chanuo lenye meno mapana, kisha uchukue vishungi vidogo vidogo, visivyozidi unene wa kidole, na upitishe kitana chenye meno yaliyobanana kuanzia kwenye ngozi hadi ncha. Kitana kinachofaa ni kile ambacho nafasi kati ya meno yake haizidi milimita 0.3, kile cha kawaida cha mezani humpitisha chawa bila kumgusa. Kila unapomaliza mvuto mmoja, kipanguse kwenye karatasi nyeupe ya chooni na utazame kilichobaki. Ikiwa nywele ni nzito kiasi kwamba kitana hicho hakipiti kabisa, usilazimishe. Chambua kwa vidole, kishungi kwa kishungi, ukitazama sentimita ya kwanza kutoka kwenye ngozi.

Kinachothibitisha ni chawa aliye hai, anayetembea. Mayai pekee hayatoshi, kwa sababu yanaweza kuwa maganda ya zamani. Yai lenye uhai huwa na rangi ya kahawia au manjano iliyofifia na hukaa ndani ya milimita 6 kutoka kwenye ngozi, ilhali ganda tupu huwa jeupe na huonekana kwa urahisi zaidi, jambo linalowafanya wazazi wengi waogope kile ambacho tayari kimekwisha. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo yai lililo mbali na ngozi kuliko milimita hizo 6 lilikwisha kuanguliwa au kufa zamani. Ukikuta mayai karibu na ngozi na usimwone chawa, kagua tena baada ya siku mbili au tatu kabla ya kuamua.

Yale yanayodhaniwa kuwa chawa

Unga mweupe unaoanguka unapokikuna kichwa ni mba, au ni mabaki ya mafuta na jeli ya nywele yaliyokauka. Tofauti yake na yai la chawa hujulikana kwa vidole: mba hupeperuka ukiipuliza, wakati yai limeushika unywele upande mmoja na haliondoki mpaka ulibane kwa kucha na kulivuta hadi mwisho wa unywele.

Mapunye yanahitaji maneno zaidi, kwa sababu katika shule zetu hukutwa sana na mara nyingi hutibiwa vibaya. Huu ni ugonjwa wa fangasi, unaoanza kwa kiduara chenye magamba meupe au ya kijivu, nywele zikikatika juu ya ngozi na kuacha vidoti vyeusi au upara mdogo, na wakati mwingine tezi za kisogoni huvimba. Krimu ya kupaka haiumalizi, kwa kuwa fangasi wamo ndani ya shina la unywele ambako krimu haifiki. Tiba yake ni dawa ya kumeza kama grisofulvini, inayotolewa na daktari kwa kipimo cha uzito wa mtoto, na humezwa kwa wiki kadhaa hata kama kichwa kimeanza kupendeza mapema. Mapunye huenezwa sana na mashine za kunyolea zisizosafishwa, kwa hiyo mzazi ana haki kabisa ya kumwomba kinyozi aisafishe mashine mbele yake, au kwenda na mashine yake mwenyewe.

Vitu visivyopaswa kufika kichwani

Hapa ninaomba usikivu wote wa msomaji, kwa sababu chawa hawamdhuru mtoto kama dawa za kubahatisha zinavyoweza kumdhuru. Mafuta ya taa huunguza ngozi na macho, hushika moto haraka katika nyumba yenye kibatari au jiko la mkaa, na yakiingia mdomoni hupenya hadi kwenye mapafu na kusababisha nimonia kali. Petroli na dizeli ni hatari vivyo hivyo. Dawa za kupuliza za kuua mbu na mende zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba na si kwa ngozi ya binadamu. Kilicho kibaya zaidi ni viuatilifu vya shambani na dawa za kuogeshea mifugo, ambavyo katika maeneo ya wakulima na wafugaji hupatikana kirahisi kwenye kopo la nyumbani. Sumu hizi hupenya ngozi ya kichwa, hasa iliyochubuliwa na kucha, na zinaweza kuua. Mtoto aliyepakwa kitu cha namna hiyo kisha akaanza kutokwa na mate mengi, kutapika, kutokwa jasho, kutetemeka au kupumua kwa shida, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na akimbizwe hospitali pamoja na kopo lenyewe ili daktari asome kilichoandikwa.

Ushauri wa mafuta ya taa mara nyingi hutoka kwa bibi au shangazi mwenye mapenzi mema, na si vizuri kumbishia mbele ya wajukuu. Njia ninayoiona bora ni kumpa sehemu ya kazi anayoimudu kuliko sisi: «Bibi, daktari amekataza mafuta ya taa, lakini tunaomba utuchambulie nywele za huyu mjukuu wako.» Uvumilivu wa kumlaza mtoto mapajani na kupekua unywele mmoja mmoja ndio msingi wa tiba yote, na wazee wetu wanao kuliko mzazi anayerudi nyumbani saa moja usiku.

Kutibu baada ya kuthibitisha

Zipo njia mbili zinazotegemewa, ya kitana na ya dawa, na ya kwanza haihitaji duka. Kuchana nywele zilizolowa kwa kondishena, kwa utaratibu ule ule wa ukaguzi, hufanywa siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, kisha siku ya 17 unakagua kuhakikisha kwamba hakuna aliyebaki. Mpangilio huo huwanasa makinda yanayoanguliwa kabla hayajakomaa na kutaga. Kila moja ya siku hizo nywele zote zichanwe mara mbili, na kwa mtoto mwenye nywele nyingi utenge saa nzima. Hii ndiyo njia ifaayo kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 2, ambaye asipakwe dawa kabisa. Mafuta ya nazi yanaweza kushika nafasi ya kondishena katika kulainisha, lakini yasichukuliwe kuwa dawa, maana hayayaui mayai.

Kwa upande wa dawa, iliyozoeleka zaidi ni losheni ya pemethrini ya asilimia 1. Osha nywele kwa shampuu isiyochanganywa na kondishena, zikaushe kwa taulo zibaki na unyevu kidogo, kisha paka losheni hadi ilowe ngozi na nywele zote, ukitilia mkazo nyuma ya masikio na kisogoni. Mtoto ashikilie kitambaa kikavu machoni. Baada ya dakika 10, mwinamishe juu ya beseni na umsuuze kwa maji ya uvuguvugu, ili dawa isiteremke mwilini kote. Usimwoshe tena nywele kwa siku 1 hadi 2. Siku ya 9 urudie hatua zote, kwa ajili ya yale mayai yaliyonusurika. Angalia kiwango kilichoandikwa kwenye kifungashio kabla ya kulipa, kwa sababu madukani huuzwa pia krimu ya pemethrini ya asilimia 5, ambayo ni ya upele wa mwili. Vivyo hivyo ile dawa nyeupe ya maji inayojulikana kwa herufi BBE hutumika zaidi kwa upele, huchoma sana kwenye ngozi iliyokwaruzwa na machoni, na isipakwe kichwani mwa mtoto bila maelekezo ya mtaalamu wa afya.

Saa 8 hadi 12 baada ya kupaka, chana na utazame. Ukiwakuta wachache walio hai lakini wanajikokota, dawa inafanya kazi. Endelea kuwatoa kwa kitana na usipake upya kabla ya wakati. Ukiwakuta wachangamfu kama awali, huenda chawa hao ni sugu kwa dawa hiyo, jambo lililokwisha kuonekana katika nchi nyingi, na suluhisho lake ni kubadili aina ya dawa badala ya kuongeza dozi. Dimetikoni ya asilimia 4, pale inapopatikana, haiwatii sumu chawa bali huwafunika na kuwaziba, kwa hiyo usugu wa kawaida hauizuii. Nayo hurudiwa baada ya siku 7, na mtoto akae mbali na moto na sigara wakati imo kichwani. Daktari anaweza pia kuandika vidonge vya ivamektini kwa mtoto mwenye uzito wa kilo 15 au zaidi. Muwasho unaweza kuendelea kwa wiki moja au zaidi hata chawa wakiwa wamekwisha, na wazazi wengi hapo ndipo wanaporudia dawa mara tatu na nne bila haja. Kipimo ni kitana.

Kunyoa ni tiba ya kweli, ya haraka na isiyo na gharama, na kwa mvulana au mtoto ambaye tayari huwa na nywele fupi sioni sababu ya kuikwepa. Kwa binti anayezipenda nywele zake, kunyolewa kwa nguvu kwa sababu ya chawa humwachia aibu inayodumu kuliko chawa wenyewe, na njia nyingine zipo. Wembe mmoja usitumike kwa watoto wawili, hata wa tumbo moja, kwa kuwa mikwaruzo midogo hupitisha virusi vya homa ya ini na VVU.

Kagua kila anayeishi nyumbani siku ileile, wakiwamo dada wa kazi, bibi na baba, na watibiwe kwa pamoja wote waliokutwa na chawa hai. Anayelala kitanda kimoja na aliyeambukizwa ni vyema atibiwe naye hata kama chawa hai hajaonekana kichwani mwake; huyu ndiye pekee ninayemtoa kwenye kanuni ya mwanzo. Kuhusu vitu vya nyumbani, usijichoshe. Fua kwa maji ya moto mashuka, foronya, kofia na shungi zilizotumiwa katika siku 2 zilizopita, anika juani na upige pasi. Loweka vitana na machanuo kwenye maji ya moto sana kwa dakika 10. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki 2. Kupuliza dawa ya wadudu kwenye magodoro na makochi hakusaidii na humdhuru mtoto anayelala hapo.

Kuzungumza na shule, na kuzungumza na mtoto

Ukithibitisha, mwarifu mwalimu wa darasa moja kwa moja na si kwenye kundi la wazazi. Ujumbe mfupi unatosha: «Mwalimu, habari za kazi. Jana nilimkagua mwanangu nikamkuta na chawa hai. Amekwisha kupakwa dawa na leo anakuja shuleni kama kawaida. Naomba uwaarifu wazazi wote wakague watoto wao jioni ya leo, bila kutaja jina lake.» Faida ya kuarifu mapema ni kwamba darasa zima hukaguliwa kwa wakati mmoja, bila hivyo watoto hutibiwa kwa zamu na kuambukizana tena hadi muhula uishe.

Shule ikitaka kumrudisha mtoto nyumbani, zungumza na mwalimu mkuu kwa upole na kwa hoja. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinapendekeza kwamba mtoto mwenye afya asizuiwe wala asipoteze masomo kwa sababu ya chawa au mayai yake, na huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, inawaambia wazazi, wakiwamo wenzetu wengi wanaoishi huko, kwamba hakuna haja ya kumzuia mtoto shule. Hoja yao inaeleweka: chawa wamekaa kichwani kwa wiki kadhaa kabla ya kuonekana, kwa hiyo siku moja ya masomo iliyobaki haibadilishi kitu, ilhali mtoto aliyetolewa darasani mbele ya wenzake hubeba jina hilo mwaka mzima. Kwa sababu hiyohiyo ukaguzi wa vichwa usifanywe mstarini pamoja na ule wa kucha na soksi. Ufanyike ofisini, mtoto mmoja mmoja, na matokeo apewe mzazi peke yake. Katika shule za bweni ombi la maana kwa matroni ni kwamba wanafunzi wakaguliwe wanaporudi kutoka likizo, kila mmoja awe na kitana chake chenye jina, na wasilale wawili kitanda kimoja hata siku za baridi.

Mtoto mwenyewe aambiwe ukweli kwa maneno machache: ni wadudu, wanawapata watoto wengi, hukufanya kosa, na tutawatoa. Mwondolee hasa dhana ya uchafu, kwa kuwa chawa wa kichwa huingia kwenye nywele safi sawasawa na chafu, na kuoga kila siku hakuwazuii. Mfundishe asiazime kitana, kofia wala ushungi, lakini usimkataze kucheza na rafiki zake. Ikiwa aliyekutwa na chawa ni mwenzake, mweleze kwamba jambo hilo halisimuliwi kwa wengine.

Mpeleke kituo cha afya ikiwa ngozi ya kichwa inatoa usaha au ukoko wa manjano, ikiwa tezi za shingoni zimevimba pamoja na homa, ikiwa dawa mbili tofauti zilizotumiwa sawasawa zimeshindwa, au ikiwa umeona viduara vyenye magamba na nywele zilizokatika. Binti aliyefumuliwa anaweza kurudi kwa msusi baada ya ukaguzi wa siku ya 17 kutoonyesha chawa yeyote. Aende na kitana chake na chanuo lake ndani ya mfuko, na msusi aombwe asikaze mistari ya kisogoni kwa majuma hayo, ngozi iliyokwaruzwa ipate kupona.